Mnunuzi wa Zana za Fundi Mahadhi

Sultani Mundhiri bin Harithi alipokuwa akitawala mji wa Wardiya na vitongoji vyake, palikuwa na fundi wa nakshi aitwaye Mahadhi, na hapakuwa na mlango wa heshima katika mji ule ambao haukupita mikononi mwake. Fundi huyu alifiwa na mkewe mapema, akabaki na binti mmoja, Muhaza, na wawili hao wakaishi katika Mtaa wa Maseremala, baba akichonga na binti akipika na kufagia vumbi la mbao, wala hawakuwa watu wa maneno mengi.

Kisha mambo yakageuka. Matajiri wakaanza kuagiza milango ya shaba kutoka ng'ambo, na wachongaji wakahama mmoja mmoja, hata mtaani akabaki Mahadhi peke yake. Naye akaugua kifua, na siku ya kufa kwake akamshika binti yake mkono akasema, "Mwanangu, sina cha kukuachia ila lile sanduku la zana. Ziuze. Lakini umuuzie mchongaji, na umuuzie zote pamoja, wala usizitoe bure. Niahidi."

Muhaza akaahidi, na mzee akafumba macho.

Watu wakaja wakazika, wakakaa matanga siku tatu, wakakunja mikeka yao wakaondoka, na nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo Muhaza hakuwahi kuisikia, kwa kuwa tangu utoto wake aliamka kwa sauti ya nyundo na patasi. Siku ya nne, jua lilipochomoza, akafungua sanduku, na alipolifunua lile gunia lililofunika patasi, tezo, randa na misumeno, ukafuka moshi wenye harufu ya mvule, na ndani ya moshi akatokea jini mrefu, akaketi akiwa amekunja magoti kwa sababu dari ilikuwa fupi.

"Amani iwe juu yako, binti Mahadhi," akasema jini. "Usiogope. Mimi ni Shakhturi bin Barkani. Miaka mia tatu iliyopita niliwafanyia wanadamu ujeuri, na mwanachuoni mmoja akanifunga katika zana hizi, nizinoe kila alfajiri. Zimerithiwa baba kwa mwana, hazijauzwa hata mara moja. Siku zitakapouzwa kwa mchongaji, nitakuwa huru. Zikiuzwa kwa asiyechonga, kifungo changu ni cha milele."

"Baba alijua haya?"

"Alijua. Nami nilimnolea tangu alipokuwa kijana."

Muhaza akavuta pumzi, akasema, "Basi, ami, nitakutafutia mnunuzi."

Akafunga baibui, akatoka. Mhunzi wa Mtaa wa Chuma akataka kuziyeyusha apate majembe. Tajiri mmoja wa ghuba akapendezwa na mipini ya mpingo, akasema atazitundika ukutani wageni wazione. Mchuuzi wa sokoni akamwambia, "Mimi nitachukua hiyo misumeno tu, dada, hizo nyingine ni takataka." Wote hao Muhaza akawaaga kwa adabu, akarudi nyumbani miguu ikimuuma, na Shakhturi akamuuliza habari za safari, naye akamsimulia.

Siku zikapita hivyo. Na kila alfajiri Muhaza akawa anaamka na kumkuta jini ananoa, naye hupika chai ya tangawizi, hukaa karibu naye, na Shakhturi humsimulia habari za baba yake: jinsi alivyokuwa akizungumza na mbao kama mtu anayembembeleza punda, jinsi alivyomfukuza waziri mmoja aliyetaka joka lichongwe juu ya jina la Mungu. Katika mji mzima hapakuwa na mwingine wa kumtajia baba yake. Majirani wapya hawakumjua.

Ndipo akaja mchongaji. Jina lake Kombo, mtu wa kijiji cha Mtangani, mwendo wa siku mbili, naye alikuwa amesikia habari sokoni. Akasimama mlangoni akabisha hodi, viganja vyake vimejaa makovu, akasema, "Bibi, nachonga kwa zana za kuazima. Nimeuza mbuzi wangu wote. Naomba nizione."

Muhaza akamtazama mtu yule, na akaijua mikono ile ni mikono ya aina gani. Akawaza nyumba itakavyokuwa kesho yake. Akasema, "Umechelewa, kaka. Zimeshauzwa."

Kombo akashukuru, akageuka, akaenda zake.

Alfajiri iliyofuata Muhaza akakuta jini ananoa kama kawaida yake, patasi moja baada ya nyingine, na hakumlaumu kwa neno lolote. Muhaza akaingoja lawama ile asubuhi nzima, haikuja, na chai ikapoa kikombeni.

Haukupita muda mrefu, habari za jini zikafika barazani kwa Sultani, kwa kuwa jirani mmoja alimwona dirishani. Muhaza akaitwa, akasimama mbele ya kiti cha enzi, na Sultani Mundhiri akanena, "Ewe binti wa fundi, tumesikia una sanduku ambalo ndani yake mna mtumishi asiyechoka. Tuuzie sanduku hilo, nasi tutakupa nyumba yenye ua na kisima, na tutakuoza mwanetu Ghalibu, na hutakula peke yako tena maisha yako yote."

Neno hilo la mwisho likamchoma Muhaza, wala Sultani hakujua alichokigusa. Akainama chini, kisha akasema, "Ewe bwana wangu, Mungu akuzidishie umri. Je, bwana wangu anachonga?"

"Tunatawala," akajibu Sultani. "Hatuchongi."

"Basi nikikuuzia, nitakuwa nimemfunga milele asiyenikosea kitu, ili mimi nipate wa kula naye. Nimeshamkosea mara moja. Naomba ruhusa nisimkosee mara ya pili."

Sultani hakuwa dhalimu, ila alizoea kukubaliwa, akamkazia macho, halafu akasema, "Nenda. Lakini ujue, neno hili hatutalitoa tena."

Muhaza akaenda. Hakurudi nyumbani kupumzika. Akakodi punda, akapakia sanduku, akasafiri siku mbili mpaka Mtangani, akamkuta Kombo amepiga goti mbele ya ubao wa mfenesi, akihangaika na kisu cha jikoni.

"Kaka Kombo," akasema, "nilikudanganya. Zilikuwa hazijauzwa. Niliona uzito kubaki peke yangu."

Kombo akajifuta mikono. "Na sasa?"

"Uzito ni uleule. Lakini zana ni zako, kama bado unazitaka."

Kombo akachagua patasi moja nyembamba, akaipitisha juu ya ubao, na ubanzi wa mti ukatoka mwembamba ukijikunja kama ukosi wa kanzu mpya, na macho ya mtu yule yakalowa. Akalipa thamani yote waliyopatana, na alipopokea ufunguo wa sanduku, moshi ukapanda, na Shakhturi akasimama wima kwa mara ya kwanza, kichwa chake kikapita vilele vya minazi.

"Binti Mahadhi," akasema, "niko huru, nami nakwenda kwa watu wangu nyuma ya milima, kama bado wapo. Omba. Dhahabu, au kasri, au mume mwenye taji, nitakuletea kabla kivuli chako hakijasogea."

"Nipe jambo moja la baba ambalo sijalijua," akasema Muhaza, "halafu nenda, ami, kabla sijakuomba ubaki."

Jini akasema, "Mlango wa Ghala la Viungo. Ulikuwa na miaka miwili, una surua, na watu walishakukatia tamaa. Alikuwa akichonga huku anasikiliza pumzi zako. Adhuhuri ukafumbua macho ukamwita, na mkono ukamteleza, akalikata jani moja upande usio wake. Ningeweza kulitengeneza, naye akanikataza. Aliniambia, 'Liache. Hapo ndipo aliponiita.'"

Akatoweka, na upepo wake ukawatawanya kuku wa kijiji kizima.

Muhaza akarudi Wardiya, akaenda moja kwa moja kwenye Ghala la Viungo, akatafuta kwa vidole katika mizabibu na mawaridi ya mlango ule, mstari kwa mstari, hata akalikuta: jani dogo, chini upande wa kushoto, limegeukia ndani ilhali wenzake wote wametazama nje. Akaliwekea kiganja. Askari wa zamu akamuuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Naye akabaki amesimama pale mpaka wapagazi wakamwomba awapishe.

Kwa fedha ile akafungua duka la nguo, akatajirika taratibu, na mwaka wa tatu akaolewa na mshona viatu aitwaye Shaweji, mtu mpole, wakapendana. Lakini hata katika raha yake, ziko alfajiri alizoamka akasikiliza, na nyumba isitoe sauti, naye akainuka akapika chai yake.

Hayo ndiyo yaliyompata binti Mahadhi, na funzo lake ni kwamba anayemfungulia mwenzake mlango huenda akabaki yeye ndani peke yake, na bado akawa amefanya haki. Aliyesikiliza asikilize vema, na aliyechoka akalale salama.