Hatim bin Waqid na Kibla cha Mji

Wazee wetu wametuhadithia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba mji mkuu wa amiri mmoja wa zamani ulianza na kamba ya mcha Mungu aitwaye Hatim bin Waqid. Mahali pale palikuwa uwanda mtupu wenye mahema na kisima. Amiri akaamuru msikiti utangulie, kisha kasri, soko na njia zote zifuate ukuta wake wa kibla. Hatim akapewa kazi ya kuupima.

Maskini, hakuwa amewahi kufika Makka. Aliangalia misafara ya mahujaji inakoelekea, akaamini kuwa waiendeao Nyumba ya Mola hawapotoki, akavuta kamba yake upande huo huo. Mji ukajengwa, watu wakasali, naye akaheshimiwa na wakubwa kwa wadogo.

Baada ya miaka kumi na miwili, Mwenyezi Mungu akamruzuku hija. Siku ya tatu ya safari msafara ulifika penye visima, ukakata kushoto, na haukuurudia tena upande wa mwanzo.

"Mbona tumegeuka?" Hatim akamuuliza kiongozi.

"Makka iko huku, shekhe. Kule tulikuwa tukifuata maji tu."

Hatim akageuka kuitazama njia waliyotoka. Mji mzima alikuwa ameuelekeza visimani!

Aliporudi alipokewa kwa habari iliyomchoma: Ijumaa ile Amiri angeandikisha jina la Hatim juu ya mihrabu. Akamweleza mkewe, Bi Rayhana, huku machozi yakimtoka.

"Nikisema, nimeaibika. Nikinyamaza, hakuna ajuaye."

"Ajuaye yupo, mume wangu," akasema Bi Rayhana kwa upole. "Juzi umemwitikia Mola 'Labeika' kule Makka. Utamwitikiaje kule, kisha umfiche hapa?"

Ijumaa ilipofika, Hatim alisimama mbele ya umma, ulimi mzito, akaeleza yote. Amiri alikuwa mkali, na wengi walidhani mzee wa watu amekwisha.

"Ungenyamaza," Amiri akasema, "ungekufa na heshima yako."

"Naam, ewe Amiri. Na siku ya kufufuliwa, ningesimama na nini?"

Amiri akamgeukia kadhi. "Na sala zetu za miaka yote hiyo?"

"Mlijitahidi mkakosea, na Mola ni Mwingi wa rehema, hazidai," kadhi akajibu. "Lakini kuanzia leo tumejua. Hatuna udhuru."

Amiri akasimama. Kisha, yeye mwenye kasri lililofuata ukuta ule, akainama, akaushika mkeka wake kwa mikono yake mwenyewe na kuugeuza. Umma mzima ukageuza mikeka. Ukuta haukubomolewa, wala jina halikuandikwa. Watu wakasali wakiwa wameupa ukuta ubavu, na Hatim akatoa salamu ya mwisho huku ndevu zake zimelowa machozi.

Ndugu zangu, sisi neno dogo tulilolikosea jana sebuleni twaona haya kulirudi leo, twalitafutia sababu mpaka linaota mizizi. Hatim aliukosesha mji mzima, akasema, "Ni mimi." Mola amrehemu, na atupe sisi ujasiri wa kugeuza mikeka yetu kabla hatujageuziwa kibla tukiwa kaburini.