Nyanya za Jumbe Mnzava

Jumbe Mnzava alilitamani shamba la Bi Nakijwa kwa sababu lilikuwa karibu na maji. Siku moja alimpelekea tenga la nyanya mbivu, wazee watatu wakishuhudia.

"Nasafiri miezi mitatu," alisema. "Nitunzie hizi. Nikirudi nikakuta hata moja imeoza, shamba ni langu."

"Sawa, Jumbe. Safari njema."

Miezi mitatu ikapita. Jumbe akarudi, akawachukua wazee walewale, wakaenda kwa Bi Nakijwa. Tenga lilikuwa barazani, limejaa nyanya ngumu, nyekundu, zinazong'aa.

"Umezitunzaje?" Jumbe aliuliza, uso umemvimba.

"Kwa malezi tu. Mchana nilizifunika kanga yangu, jioni nikazipepea. Iliyotaka kulainika niliigombeza mbele ya wenzake, ikaona haya, ikajikaza."

Mzee mmoja aliuliza kama parachichi nalo hugombezwa.

"Parachichi halisikii, baba. Usijisumbue."

"Mwongo mkubwa!" Jumbe alifoka. "Hizi si zangu! Zangu nilizichagua mwenyewe, zote zimeshalainika. Zisingemaliza hata wiki!"

Wazee wakamgeukia.

"Kumbe ulijua, Jumbe?"

Wazee wakaamua palepale kwamba shamba libaki kwa Bi Nakijwa, na asiulizwe tena habari za shamba hilo.

Bi Nakijwa akaanza kuwagawia nyanya.

"Lakini Jumbe amesema kweli," alisema. "Zake tulizila jioni ileile. Hizi nimezichuma leo asubuhi."