Pima Maji Iliyomridhisha Kandidus

Palikuwa na fundi mwashi aliyekuwa na mama mjane na ukuta uliopinda. Jina lake Kandidus. Ujane wa mama yake aliujua vizuri na ulimuuma. Kupinda kwa ukuta wake hakutaka kukujua, na hapo ndipo yalipoanza maudhi yote ninayowasimulia.

Mama huyu, Bi Sikitu, alikuwa akilala sebuleni kwa binti yake Otilia tangu nyumba yake ya miti ilipoliwa na mchwa. Kandidus akaapa kwamba mvua za kwanza hazitamkuta mama yake kwenye nyumba ya mkwe. Nia njema kabisa, wala hakuna aliyemlaumu kwa nia. Akafyatua matofali, akayachoma, akachimba msingi, akaanza kupandisha. Kuta tatu zilikwenda vizuri. Wa nne ulikuwa wa chumbani, ule ambao kitanda cha mama kingekaa chini yake, na aliujenga juma lile lile ambalo pima maji yake, kile kipimo cha kuangalia kama ukuta umenyooka, ilianguka kutoka juu ya jukwaa. Aliiokota, akaifuta vumbi kwa shati, akaendelea na kazi.

Otilia ndiye aliyempelekea kaka yake chakula cha mchana. Yeye si mwashi, ni mshonaji, lakini mtu aliyekata vitambaa miaka kumi na minne hadanganywi upesi na mstari. Siku hiyo aliweka sufuria chini, akautazama ukuta, akasogea kulia, akasogea kushoto, akainamisha kichwa. Kisha akaingia chumbani, akafunga jiwe kwenye uzi na kuuning'iniza kutoka tofali la juu kabisa. Juu, uzi uligusa ukuta. Chini, kati ya uzi na ukuta, vidole vyake vinne vilipita bila kugusa kitu. Ukuta ulikuwa umelalia ndani. Kandidus akasema upepo unasukuma jiwe. Upepo wenyewe haukuwepo; hata moshi wa jikoni kwa jirani ulikuwa ukipanda wima.

Basi Otilia akamwomba jambo dogo sana: atafute pima maji nyingine, nzima, aweke ukutani, aone mwenyewe. Kandidus akakubali mara moja, maana alitaka kumfunga mdomo. Akaenda kwenye duka la vifaa la Mzee Ponera, mtu mtaratibu aliyeuza nyundo na misumari tangu ujana wake. Mzee Ponera akalaza pima maji mezani, akamwonyesha kitone cha hewa kilipokaa ndani ya kioo, halafu akaigeuza, upande wa kushoto ukawa kulia, akamwonyesha tena. Kitone kilikaa pale pale. Akamweleza kwamba ndivyo kipimo kinavyochaguliwa: ukikigeuza kisibadilishe neno. Kandidus alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

Akaisimamisha ukutani. Kitone kikakimbilia pembeni. Unadhani alifanya nini? Aliirudisha dukani, akasema ni mbovu. Mzee Ponera akaigeuza tena mezani mbele yake, haikuwa na kasoro, lakini hakutaka mabishano na mteja, akambadilishia. Ya pili ikasema yale yale ya ile ya kwanza. Akairudisha. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya chuma, ambayo mafundi wakubwa huiazima kwa kubembeleza. Nayo ikasema ukuta umepinda. Akairudisha pia, na safari hii alifika amenuna, akinong'ona kwamba siku hizi vitu vyote ni feki. Vipimo vitatu visivyojuana vilisema neno moja, na mtu huyu mzima, mwenye akili zake, mwenye leso mfukoni, akaona kwamba vitatu vyote ndivyo vyenye makosa.

Mara ya nne Mzee Ponera alikuwa amechoka na alikuwa na njaa. Akainama chini ya meza, akavuta boksi la vitu vilivyovunjika njiani, akatoa pima maji moja ambayo kioo chake kilikuwa kimelegea. Akamwambia wazi kwamba hii imeharibika, haiuzwi, achukue tu. Kandidus hakusikia, au alisikia akapita. Akaiweka ukutani, na kitone kikaja taratibu kikatulia katikati. Alifurahi hadi machozi yakamlenga. Akawaita majirani wakaangalia, nao wakakiona kitone katikati kwa macho yao, wakampa mkono. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni ngapi zilitangulia.

Otilia alijua. Alikuwa amemwona akienda na kurudi juma zima. Akasubiri majirani waondoke, akamwambia: "Kaka, wewe hukwenda kutafuta kipimo, ulikwenda kutafuta wa kukuunga mkono."

Kuanzia siku hiyo Kandidus hakumsalimia dada yake. Wakikutana njiani, alikuwa na haraka. Bi Sikitu alipopata habari akamkanya binti, si mwana: amwache kaka yake, ndiye aliyesomea kazi hiyo, asimwaibishe mbele za watu. Alisema hivyo kwa sababu alimpenda mwanawe, na kwa sababu alikuwa amechoka kulala sebuleni. Na Otilia naye, ambaye hadi hapo nilikuwa upande wake, akanyamaza. Alijiambia kwamba amani ya ndugu ni muhimu kuliko vidole vinne. Mabati yakapandishwa juu ya ukuta ule. Kitanda kikaingizwa, kikasogezwa kwenye kona kavu, chini yake kabisa.

Mvua zilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu, Bi Sikitu akiwa ameketi kitandani anafunga kilemba, ukuta ukaingia ndani. Haukubomoka tofali moja moja. Ulilala wote kwa pamoja, upande ule ule uliokuwa umeelekea tangu mwanzo. Watu walikimbia kutoka mashambani, na Otilia alifukua matofali kwa mikono mitupu hadi kucha zikatoka damu. Wakamtoa mama akiwa hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, na tangu hapo hajaukanyagia.

Kandidus alifika mbio kama wengine. Lakini wakati watu wanne wamembeba mama yake kwenye blanketi kumpeleka zahanati, yeye hakushika ncha ya blanketi. Alikuwa amechutama kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, magoti kwenye tope, ameisimamisha pima maji yake pale. Kisha akawaita watu waje waone jinsi kitone kilivyokaa katikati. Hakuna aliyegeuka. Hadi leo ukimuuliza atakuambia ni mvua.

Naona wengine mnatikisa vichwa kwa ajili yake. Haya, niambie wewe unayetikisa kuliko wote: yule aliyekuambia ukweli mara ya mwisho, bado mnasalimiana?