Hakuna Neno, Mdogo Wangu

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja. Yeye aliitwa Kiwia, mdogo aliitwa Ndekirwa, na walilelewa migombani, katika kihamba, shamba la urithi la ukoo wao mlimani.

Utotoni walipigana mchana kutwa. Walinyang'anyana ndizi za kuchoma, wakang'atana, wakatukanana. "Leo silali na wewe, nyani wee!" mdogo alilia, makamasi yakimchuruzika. Mama yao aliwacheka: "Haya, wanajeshi, chakula kimeiva. Anayetaka vita abaki huko huko nje." Wakala sahani moja, wakavutana blanketi moja. Chuki yao haikuwahi kuliona jua la pili.

Wakakua, wakaoa, wakagawana kihamba na kupanda masale katikati. Kwa watu wa kule, sale ni alama ya mpaka, tena ndilo jani la kuombea msamaha. Aliyekukosea akikutia jani hilo mkononi, huna ruhusa ya kumkatalia.

Ikafika siku ya kuchinja mbuzi wa ukoo. Kidari ni fungu la kaka mkubwa, lakini Ndekirwa, aliyekuwa akigawa nyama, alizidiwa na wageni akampa mkwewe kidari hicho. Alipotambua alikuja mbio.

"Kaka, nimekosea."

Kiwia alikasirika kama zamani. Angekuwa mtoto angemng'ata, wakalia, yakaisha. Lakini alikuwa mtu mzima, na watu walikuwa wakimtazama. Akatabasamu.

"Hakuna neno, mdogo wangu."

Na kweli, tangu siku hiyo neno halikuwapo. Kila asubuhi walisalimiana juu ya masale, wakaulizana habari za mvua na za ng'ombe. Ndekirwa aliamini amesamehewa, kwa hiyo hakuchuma jani. Kiwia aliuangalia mkono wa mdogo wake, akauona mtupu, akarudi ndani na kidonda chake. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyelia, na majirani wakawasifu: "Ndugu wale wamekomaa."

Masale yakanenepa, yakafunga njia. Ndipo Ndekirwa akaugua, na kabla kaka yake hajamaliza kujishauri kwenda kumwona, akafa.

Wakati wa mazishi Kiwia alichuma jani la sale, akasimama nalo kando ya kaburi. Jani lile hutiwa mkononi mwa mtu, na mkono ulikuwa umekwisha kufukiwa. Alitafuta machozi yale ya utotoni, yaliyokuwa yakija bila kuitwa. Hayakuja. Jirani mmoja akamshika bega: "Pole sana, mzee Kiwia."

Akajibu kama alivyozoea: "Hakuna neno."

Nanyi mliokomaa, mnaosalimiana vizuri juu ya mpaka, mnamngoja nani alichume jani?