Doa ni Doa

Hapo zamani, siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa Mfungo Nne, saa tatu asubuhi, madoa yalitokeza, na hayakuwa meusi.

Madoa yenyewe yalikuwa ya watoto watatu wa mbwa, na mbwa walikuwa wa Tosiri, msuka makuti wa mji wa Kitangani, mtu asiye na kitu ila ulimi. Mama yao, Karafuu, alizaliwa katika banda la Sultani Badawi, aliyefuga mbwa arobaini wa kuwindia, weupe wenye madoa meusi. Kwa kuwa Karafuu alizaliwa dhaifu, alitupwa jaani. Bi Shumbana, mke wa Tosiri, akamwokota, akamlea kwa uji wa mtama, na kila aliporambwa alinawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini iagizavyo, wala hakunung'unika. Mwezi uliopita Bi Shumbana alifariki, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mume wangu, Karafuu ana mimba. Usiwaache watoto wake wakahangaika."

Basi watoto wale walizaliwa weupe kama pamba, ila wa tatu jichoni, maana mbwa wa namna ile madoa yao huja baadaye. Yalipokuja, wa kwanza akawa na madoa ya rangi ya kahawa, wa pili ya rangi ya limau bivu. Wa tatu alikuwa na baka jeusi jichoni tangu kuzaliwa, kama aliyepigwa ngumi na shemeji yake. Waziri Makame akapita, akaona, akaenda mbio kusema, na Tosiri akaitwa barazani pamoja na kikapu chake.

Sultani akachungulia, akasonya. "Laa! Huyu wa kahawia, huyu wa manjano, na huyu nani kampiga?"

"Aliyewapaka ni Mola, maulana. Mimi nilikuwa nimelala."

"Wana doa hawa! Wataniharibia mbegu ya mbwa wangu. Kesho, kabla ya adhuhuri, mbwa mwenye doa asibaki Kitangani. Utawavusha mto uwaache porini. Akibaki mmoja, utahama wewe."

Tosiri akameza mate, maana fisi wa pori lile hawakuwa wakilala na njaa. Kisha akauliza kwa adabu, "Mbwa mwenye doa, maulana. Awe wa nani?"

"Awe wa yeyote!"

"Basi naomba iandikwe, itiwe na muhuri. Mimi ni mjinga, nasahau."

Ikaandikwa, na mbiu ya mgambo ikapigwa mji mzima.

Asubuhi yake ikawa Alhamisi, siku ambayo Sultani hupaka ndevu zake hina. Tosiri akaenda bandani kwa mbwa wa Sultani, akamwonyesha mlinzi ile karatasi.

"Una wazimu, Tosiri?"

"Wazimu hauna muhuri, ndugu yangu. Soma."

Mlinzi hakujua kusoma, lakini muhuri aliujua, na mbiu aliisikia kwa masikio yake. Akafungua. Mbwa arobaini wakafungwa kamba moja, na Tosiri hakuwaongoza: wao ndio waliomwongoza. Wakapita sokoni wakala sinia zima la halua, wakamzungusha Waziri Makame kamba miguuni, naye akafika kivukoni kwa matako, akipiga kelele, "Mwambieni Sultani!"

Sultani akaambiwa. Akaja mbio, kiatu kimoja, watu wakimfuata. "Tosiri! Wapeleka wapi mbwa wangu?"

"Ng'ambo, maulana. Wana madoa. Nilianza kuhesabu ya huyu mmoja, nikachokea begani."

"Mpumbavu wewe! Doa nililolisema ni ila. Madoa ya hawa ndiyo uzuri wao!"

"Basi doa huwa ila, na doa huwa uzuri. Mimi nitayajuaje?"

"Kwa rangi! Nyeusi ni uzuri. Rangi nyingine ni aibu."

Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akaficha uso kwa kanzu. Tosiri akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Maulana, tafadhali tazama majini."

Sultani akatazama. Alikuwa ametoka mbio kabla mpakaji hajamaliza: shavu la kulia ndevu nyekundu, la kushoto nyeupe, na katikati ya kidevu baka la hina mbichi, kama kinyesi cha ndama.

Kisha Sultani akacheka, akacheka hata akakaa chini matopeni, na mbwa wakamramba hina. Akaichukua ile karatasi, akaichana. "Doa ni doa, Tosiri. Watoto wako wabaki. Sasa sema, nikutunze nini?"

Hapo Tosiri hakufanya mzaha. "Maulana, siku aliyozikwa Bi Shumbana ilikuwa siku ya mawindo yako. Mji wote ulikwenda kutazama mbwa. Jeneza lilibebwa na watu wanne, nami ni mmoja wao. Naomba watu wale wale waliokwenda mawindoni waje wamsomee hitima."

Sultani akainuka, akajipangusa kidevu. Akanawa mara saba, moja kwa udongo. Na baada ya alasiri akaja yeye mwenyewe, na ndevu zake za rangi mbili, na mji wote nyuma yake, wakajaa ua wa Tosiri hata njiani. Karafuu na wanawe walikuwa wamelala nje, kando ya jaa, na hakuna aliyewafukuza.

Ewe Mola, mrehemu Bi Shumbana, ulipanue kaburi lake, umtakase na makosa yake kama nguo nyeupe itakaswavyo na doa. Na wetu waliotangulia, uwarehemu kama yeye. Amin.