Ngwali Amfundisha Paka wa Sultani

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile iliyokwisha kuingiwa na umeme, palikuwa na Sultani Badawi katika mji wa Kumbini, mtu mkarimu wa pilau na bahili wa kukiri kosa. Akasafiri hadi Uchina, akarudi na kompyuta, na mji mzima ukaambiwa kwamba hotuba ya harusi ya bintiye ataiandika kwa mkono wake mwenyewe katika chombo hicho. Basi alipoifungua, ikawa kila kilichoandikwa kiooni ni Kichina.

"Bwana wangu, yasemaje haya?" akauliza Waziri.

Sultani, aliyekwisha kujigamba kuwa alipatana bei na Wachina kwa lugha yao, akajibu, "Mambo ya kawaida tu."

Waziri akabonyeza hapa na pale, mara kompyuta ikaanza kuwahutubia kwa Kichina kwa sauti kubwa. Sultani akaitikia kwa kichwa kana kwamba anaelewa, kisha akaapa kuwa asiyekuwa yeye hataigusa tena. Akaagiza aletwe Ngwali.

Huyu Ngwali alikuwa fukara wa kanzu moja, lakini maneno hayakumwishia, na mengi ya maneno hayo yalimcheka Sultani. Kwa hiyo Sultani alikuwa akimtafutia kisa.

"Ngwali, kabla ya adhuhuri kompyuta hii iseme Kiswahili. Usiiguse. Wala usinifundishe mimi hata neno, kwani Sultani hafundishwi. Ukishindwa, utahama Kumbini, wewe na mamako."

Moyo ukamlipuka Ngwali, kwa maana mama yake alikuwa mtu mzima asiyeona vyema, na njia aliyoijua duniani ni ile ya kutoka mlangoni kwake hadi kisimani. Hata hivyo akainama.

"Nimesikia na kutii. Ila naomba idhini nizungumze na paka wako."

"Na paka?"

"Hukunikataza, Bwana wangu."

Nanyi mwaijua desturi yetu: mtu mwenye neno la jirani asiloweza kumwambia usoni, humwambia paka, na jirani akasikia. Basi Ngwali akamkabili paka wa kasri aliyejilaza kwenye mto wa hariri.

"Ewe paka, lau ungekuwa na kidole, ungetafuta kigurudumu chenye meno, kama kile kilichomo katika kila simu hapa mjini, ukakibonyeza."

Paka akajilamba mguu. Sultani akakohoa, akatazama dari, na kidole chake kikateleza chenyewe.

"Vyema, paka. Sasa itafute herufi A iliyoketi na mwenzake wa Kichina. Papo hapo. Sasa utaona lugha za ulimwengu, kila moja imejiandika jina lake kwa maandishi yake. Teremka. Taratibu, paka, mbona una papara? Umeipita, rudi juu."

"Nimeiona!" Sultani akapiga kelele, kisha akajiweka sawa. "Yaani, paka ameiona."

"Basi aibonyeze, akubali."

Kioo kikawa cheusi. Waziri akajishika kichwa, na Sultani akanguruma, "Umeniulia kompyuta yangu!"

Ngwali akamwona moyoni mama yake akihama, yuko njiani na bakora yake. Akasema, "Ewe paka, usifadhaike. Imeingia ndani kubadili nguo."

Wakangoja. Mara kioo kikang'aa, na katikati yake pameandikwa: Karibu.

Waziri akaruka kwa furaha, halafu akakumbuka kazi yake. "Bwana wangu, huyu amevunja amri! Amekufundisha!"

"Hasha," akasema Ngwali. "Mimi nimesema na paka. Ikiwa Sultani amefundishwa, na atamke mwenyewe hapa mbele yetu."

Sultani akamtazama Ngwali, akamtazama paka, na kicheko kikampanda toka tumboni hata kilemba kikamwanguka.

"Sultani hajafundishwa kitu," akasema, akifuta machozi. "Paka ndiye msomi, naye apewe samaki mzima."

"Na mkalimani wake je?" akauliza Ngwali.

Sultani akamgeukia paka, akamkuna shingoni.

"Ewe paka," akasema polepole, "lau ungekuwa na ulimi, ungemwambia mkalimani wako arudi nyumbani kwa mama yake na gunia la mchele, na kesho asubuhi aje tena, kwani wewe hujui bado namna ya kuandika hotuba."

Hekaya imefika kwake. Nasi twendeni kwetu.