Mfupa Alioutoa Nyungunyungu

Kaeni vizuri, wajukuu, niwape niliyopewa. Zamani hizo kila kiumbe alikuwa na mifupa ndani ya mwili, hata Nyungunyungu. Alikuwa mama wa miguu minne, mgongo imara, akitembea juani bila hofu.

Alipata mwana mmoja, tena baada ya kungoja sana. Desturi yao ilikuwa kumlaza mtoto mchanga juu ya udongo ulioloa, ili ardhi imjue. Mwaka ule mvua iligoma. Nyungunyungu akashindwa kusubiri, akamlaza kwenye udongo mkavu. Ardhi ikapasuka, ikammeza. Huko chini kilio kikasikika, chembamba kama uzi.

Mama akatia kichwa ufani, mabega yakakwama. Wifi yake, Kaa, akafika mbio, maneno yakimtangulia.

"Wifi, mtoto hupandwa kama muhogo?"

"Nitukane kesho," Nyungunyungu akasema. "Leo nisaidie nishuke."

Kaa akaita msaada. Bibi Mchwa, mkunga wao, akaja, akaupima ufa kwa jicho. "Mwanangu, hapo mfupa haupiti. Nikiutoa, haurudi. Hutasimama tena."

"Toa, bibi."

Mchwa akautoa uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, na miguu nayo ikaondoka. Ngozi ikabaki na alama za pete.

"Nami nitoe," akasema Kaa. "Damu ya kaka yangu hiyo." Lakini akaogopa kushuka mtupu, akaivaa mifupa yake kwa nje, na mlangoni pa ufa akanasa. Konokono, dada yake Nyungunyungu, aliisaga mifupa yake akajijengea kibanda mgongoni. Naye hakupita. Akamimina ute, njia iteleze.

Nyungunyungu akashuka peke yake. Akamkuta mwanawe yu hai, akamkumbatia kwa mwili mzima, maana miguu hakuwa nayo tena. Alipojaribu kupanda, jua likamchoma ngozi, pumzi ikamkatika. Akarudi chini, kwenye unyevu, akakaa na mwanawe.

Na tangu siku hiyo Nyungunyungu hupumua kwa ngozi yake iliyoloa. Kaa akikua hulivua gamba lake, akajificha mpaka jipya ligande. Konokono hatoki bila kibanda. Nanyi mkilima, jembe likimfunua Nyungunyungu, mfukieni taratibu. Yuko kazini. Anaulainisha udongo, usije ukapasuka chini ya mtoto wa mwingine.